Mashine ya Maziwa ya Shekhe

Kwa karibu masika yote yale mie niliamini, kwa moyo mmoja, kwamba huko Dubai yuko shekhe mwenye ng'ombe wengi kuliko watu wa Temeke, kila ng'ombe na kiyoyozi chake, na kwamba shekhe huyo huyasomea maziwa yao dua mpaka yanapoa yenyewe bila barafu. Maziwa hayo ndiyo yanayoitwa milki-shekhe. Na kwa kuwa shekhe ni mmoja na wanywaji ni dunia nzima, Wajapani wakaunda mashine. Inasomewa mara moja tu kiwandani, dua inaingia kwenye mota na kubaki humo, na kila ukiwasha inajirudia kama kanda ya redio. Ndiyo maana ile mashine inanguruma.

Habari hizi nilizipata kwa kinyozi wangu wa Mwananyamala, mtu ambaye hata pantoni ya Kigamboni hajawahi kuipanda, lakini mambo ya Dubai aliyajua kuliko waliozaliwa huko. Nilikuwa nimekaa kitini, shuka shingoni, wembe uko kooni. Katika hali ile mtu habishi. Niliuliza kwa upole tu:

"Sasa braza, hayo maziwa yanafaa nini?"

Akasimamisha wembe. "Yanafaa nini? Mgonjwa wa tumbo akinywa, tumbo linatulia. Mwenye mimba ndiyo usiseme! Hata awe anatapika maini, akipata milki-shekhe, kimya. Dua ile, kaka. Tumbo gani litashindana na dua?"

Hapo akanipata. Maana nyumbani mke wangu alikuwa na mimba yetu ya kwanza, na mimba ile ilikuwa imegoma. Ilikataa ugali, ikakataa wali, ikakataa samaki hata wa kusimuliwa. Ikanikataa na mie mwenyewe. Nikipita mlangoni na jasho langu, mwenzangu anakimbilia uani, na alikuwa akitapika kwa sauti ya kuwafanya kuku wa jirani wafikirie kuhama mtaa. Nikahamishiwa sebuleni, kutoka sebuleni nikahamishiwa barazani. Mambo yangeendelea vile ningejikuta nalala Ubungo, ndani ya mabasi ya mikoani.

Tunacheka sasa, lakini wakati ule hali ilikuwa mbaya. Bangili zake zilizokuwa zikibana sasa zilipanda mpaka kwenye kiwiko, na akizishusha zinataka kuanguka. Nesi wa kliniki alimtazama, halafu akanitazama mie kama mtu aliyekula chakula cha mkewe, akasema, "Baba, huyu lazima apate kitu kinachokaa tumboni. Maziwa, matunda, chochote. Msipofanya hivyo mimba na mama mwenyewe wote watakuwa mashakani."

Maziwa ya moto alikuwa akiyasikia harufu tangu yakiwa kwenye baiskeli ya muuzaji, nyumba ya tatu. Kitu kimoja tu kiliwahi kukaa tumboni. Dada yake alimchukua mjini, kwenye duka moja la vinywaji lenye vioo ukutani, akamnunulia glasi ya kitu cheupe, kizito, cha baridi, chenye povu na ladha ya ndizi. Akanywa, akarudi nyumbani, hakutapika mpaka asubuhi. Siku ile hata mie niliruhusiwa kurudi sebuleni.

"Umekunywa nini?" nilimuuliza.

Siku hizo alikuwa haongei ila amejiziba mdomo na pua kwa ncha ya kanga, kwa ajili ya harufu, yangu ikiwemo. Akajibu humo humo ndani ya kanga: "Milki-she..." na mwisho wa neno ukabaki kwenye kitambaa.

Sikuwa na haja ya kurudia swali. Mie neno nilishalisikia kwa kinyozi, tena kamili.

Mtu atauliza, wewe si ulisoma? Ndiyo, nilisoma. Nilimaliza kidato cha nne kwa masomo ya usiku, jambo ambalo mke wangu, aliyesoma mchana kwenye shule ya bweni, hakuliacha lipite bila kulisindikiza. "Wenzetu wa ngumbaru," alikuwa akiniita, "mliosoma na mbu." Kiingereza nilikiweza vizuri tu, ila mwalimu wetu alikuwa na mtindo wa kuandika vitenzi ubaoni kwa mpangilio wa herufi. Siku tuliyofika R umeme ukakatika, darasa likavunjika, na kipindi kilichofuata mwalimu akaanzia T. Kwa hiyo kuna herufi moja katika lugha ya Kiingereza ambayo mie na darasa langu zima hatukuwahi kufundishwa. Sikuona kama ni hasara. Nilijiambia, herufi moja itanifanya nini?

Kumpeleka mjini kila siku kulishindikana, barabara yenyewe ilimtapisha. Nikajaribu kwenda mie nikaleta kinywaji kwenye chupa ya chai. Chupa ilikuwa ya chai kwelikweli, ikahifadhi joto lake la asubuhi, na mke wangu alipofungua mfuniko alikutana na uji wa moto wa ndizi. Kuku wa jirani wakatikisika tena. Kinyozi akanieleza kosa langu: "Dua hiyo kaka haisafirishwi, inavuja njiani. Nunua mashine."

Na kweli, wakati wa kununua mashine ulikuwa umefika. Nchi ilikuwa imefunguliwa kwa bidhaa za nje. Sie tuliowahi kufulia majani ya mpapai kwa kukosa sabuni, sasa tulikuwa tunapita madukani tukiona pasi zinazotoa mvuke, feni zinazogeuza shingo kama mtu mbea, na saa za ukutani zinazowika. Nilikuwa nimeweka akiba ya baiskeli. Nikaiambia baiskeli isubiri.

Wakati huo mama mkwe alikuwa amehamia kwetu kumwangalia binti yake. Mama huyu ni mwenyeji wa Buguruni tangu Buguruni ikiwa minazi, mtu wa ibada na wa udi. Nikaona ni haki ajue. Nikamvuta kando pale uani, nikamweleza habari za shekhe, ng'ombe, na dua iliyo ndani ya mota. Alinisikiliza mpaka mwisho, ungo wa mchele mapajani.

"Wewe ndiye msomi, baba," akasema. "Ukisema ipo, ipo. Ila angalia wachuuzi wa siku hizi. Watakuuzia iliyosomewa nusu."

"Nitachagua kwa makini, mama."

"Na huyu mwenzio usimwambie kitu. Mwenye mimba akijua dawa, dawa inalala."

Basi nikatoka kwenda kuchagua mashine, na kipimo changu kilikuwa kimoja: ngurumo. Mashine iliyosomewa sharti ingurume kisomo.

Nilianzia Kariakoo, duka la vyombo vya umeme. Walikuwa na mashine ndefu, ya mkono mmoja, inayoshika kikombe cha chuma kama mtu anayekunywa kahawa. Muuzaji alikuwa kijana wa tai. Nikamuuliza kwa sauti ya chini, "Hii imesomewa?"

"Imefanyaje?"

"Imesomewa."

Akaigeuza, akatazama chini yake, akatazama nyuma. "Mzee, hii ni ya umeme."

"Najua. Iwashe."

Akaiwasha. Nikainama nikatega sikio. Ikalia viiiii, kama mbu aliyeona mguu. Sikusikia hata neno moja. "Hii haina kisomo," nikamwambia.

Kijana akageukia ndani. "Bosi! Kuna mteja hapa anasema mashine haijasoma!"

Kutoka nyuma ya pazia sauti ikajibu, "Mwambie mashine haisomi, inasaga! Anayetaka inayosoma aende shule!"

Nikatoka na heshima yangu.

Ya pili niliikuta Buguruni, kwa fundi redio, mwenye kibanda kilichojaa matumbo ya redio mpaka mteja anakaa nje. Alikuwa ameunda mashine mwenyewe. Mota ni ya feni, jagi ni la maji ya kunawa, visu kavitoa mwenyewe anajua wapi. Akaiwasha. Jamani! Ilinguruma ikatetemesha kibanda, redio tatu mbovu zikashika stesheni. Ilikuwa ngurumo nzito, ya watu wengi, kama maulidi ya kata nzima. Nywele zikanisimama. Nikasema moyoni, hii ndiyo.

"Fundi," nikamwambia, "niambie ukweli. Mashine hii umeisomea?"

Akavimba. "Nimeisomea! Unadhani nimeokota ufundi jalalani? Nimeisomea, na cheti ninacho!"

Nilitaka kumkumbatia. "Kwa shekhe gani?"

"Shekhe?" Fundi akanitazama. "Mwalimu wangu alikuwa Padri wa Peramiho."

Nikaona hapa dua ipo, lakini imekuja kwa barabara nyingine, na mimba yangu ilivyo na ukaidi haitaielewa. Hata hivyo fundi akasisitiza tuijaribu. Akatia maji, akatia ndizi nzima, akabonyeza. Ndizi haikusagika, ilisafiri. Ilitoka ndani ya jagi, ikapiga bati, ikarudi ikatua utosini mwa fundi, na hakuna aliyewahi kuona ndizi inamenyeka vizuri vile.

"Nguvu hiyo, kaka!" fundi akasema, ndizi ikimtiririka shingoni. "Mashine ya Dubai itakurushia ndizi hivi?"

Nikamkubalia kwamba haiwezi, nikaaga.

Ya tatu ndiyo niliyoinunua. Mtaa wa pili kutoka kwetu aliishi mama mmoja aliyekuwa akienda Dubai kama wengine tunavyokwenda sokoni, na duka lake lilikuwa sebule yake. Ukikaa kwenye kochi umekalia bidhaa, ukinyoosha mguu umeangusha bidhaa. Nilimwamkia, nikamwambia shida yangu ni mashine ya milki-shekhe.

"Ipo, mwanangu. Ya mwisho hiyo."

"Imesomewa, mama?"

Hakupepesa hata jicho. Yule alikuwa mfanyabiashara kamili. "Mwanangu, kwangu mie kila kitu kimesomewa. Mpaka hizo kanga ulizokalia."

Akatoa boksi. Ndani yake mlikuwa na mashine nyeupe, jagi la kioo, vitufe vyekundu. Akaiwasha: mmmmmm, ngurumo ya chinichini, ya mtu mmoja mzima anayesoma kwa utulivu. Lakini kilichonimaliza hasa kilikuwa ubavuni mwake. Palibandikwa karatasi yenye maandishi ya Kiarabu, mistari mitano, na chini yake mchoro wa kiganja cha mkono kilichopigwa mstari mwekundu.

Chuo cha Kurani nilisoma utotoni, herufi nazitambua na irabu nazitamka vizuri, ila maana sikupewa. Nikasoma mstari wa kwanza kwa sauti, kwa mahadhi. Yule mama wa Dubai akainamisha kichwa, hakuona sababu ya kuharibu biashara.

"Na huu mkono?" nikauliza.

"Huo si unauona mwenyewe? Mkono umekatazwa."

Nikaelewa: asiguse asiye na udhu. Baiskeli yangu ikaishia pale.

Nyumbani, mama mkwe alipoiona ile karatasi alijitanda vizuri. Tukaiweka juu ya kabati la vyombo, tukaigeuza ikaelekea kibla. Akafukiza udi. Mie nikatawadha, nikasimama mbele ya mashine nikasoma ile mistari mitano yote, polepole, kwa mahadhi yaleyale, na kila mwisho wa mstari mama mkwe nyuma yangu akaitikia, "Amin."

Chumbani mke wangu alikohoa. "Mnafukiza nini tena huko? Nakufa kwa harufu!"

"Tulia mama," mama yake akajibu, "tunakutengenezea."

Tatizo likawa umeme. Siku hizo ulikuwa wa mgao, unakuja kama mgeni asiyetaka chai, na mtaa wetu uliambiwa utaupata kesho yake mchana. Usiku ule mke wangu alijaribu maji ya dafu, yakarudi. Akajaribu embe, likarudi. Asubuhi hakuweza kusimama kwenda uani bila kushika ukuta. Aliponiona ninamtazama, akashusha kanga mdomoni kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, akasema kwa sauti ndogo, "Mume wangu, mie nimechoka." 

Nikakimbia kutafuta maziwa, nikakimbia kwa jirani mwenye friji la gesi kununua barafu ya kuisaidia dua, nikakimbia kutafuta ndizi zilizoiva. Kumbe katika kukimbia kote huko kinyozi ameniona, na kinyozi akishajua jambo, Mwananyamala imejua. Niliporudi uani kwetu palikuwa na foleni. Mzee mmoja amekuja na goti lake. Mama mmoja kaleta mtindi, anauliza kama shekhe anapokea na mtindi. Jamaa mmoja kaleta barua ya kuomba kazi, anataka tu iwekwe karibu na mota. Na kinyozi mwenyewe yuko mbele ya wote, kikombe mkononi.

"Mgonjwa kwanza!" mama mkwe akatangaza. "Nyie wengine mtapata salio la dua!"

Mashine ikashushwa ikawekwa mezani, sebuleni, na mke wangu akiwa amelala kwenye mkeka pembeni, uso umeelekea ukutani. Umeme ukaja. Watu uani wakashangilia. Nikatia maziwa, nikatia ndizi, sukari, barafu iliyokuwa imeanza kuwa maji. Nikaanza kusoma karatasi.

"Fanya haraka, barafu inayeyuka," kinyozi akanong'ona dirishani.

"Usimkatize!" mama mkwe akamkemea. "Akikosea mstari itabidi aanze upya."

Nikamaliza. Amin ya mle ndani ikapokewa na amin ya uani. Nikabonyeza kitufe chekundu. Mashine ikasema mmmm, ndizi ikageuka mara moja, ikageuka mara ya pili, na umeme ukakatika mtaa mzima.

Watu uani wakaguna.

"Shekhe kaingia," kinyozi akasema kwa hofu. "Umeme umemwachia nafasi."

"Basi atamalizia mwenyewe?" mzee wa goti akauliza.

Hakumalizia. Tulisubiri. Ndizi ilikaa vilevile, vipande viwili vinaelea. Mama mkwe akashauri nisome tena, nikasoma tena. Mama wa mtindi akasema labda kuna mtu mle ndani hana udhu, watu wakaanza kutazamana, kinyozi akatazama chini. Barafu ikazidi kupungua. Mie jasho linanitoka, namtazama mke wangu pale kwenye mkeka, bangili ziko kwenye kiwiko, na ninafikiri, sasa nimpe nini? Nimebakiza nini cha kumpa?

Nikasoma mara ya tatu. Nikafika mstari wa nne.

Mke wangu akageuka kutoka ukutani. "Unasoma nini?"

"Tulia, mke wangu. Namwomba shekhe."

"Shekhe gani?"

"Wa maziwa."

Akanitazama, namna ya kunitazama ambayo hata nesi hakuifikia. Akainuka. Mama yake akataka kumshika, akamwondoa mkono. Akaja mezani amejishikilia ukuta, akachukua kopo tupu la maziwa ya unga, lile lenye mfuniko wa kubana. Akafungua jagi la mashine, akaingiza mkono bila udhu wala nini, huku mama mkwe akiguta, akatoa vile vipande vya ndizi, akaviponda kwa kijiko ndani ya kopo. Akamimina maziwa. Akatia sukari. Akatia barafu yote iliyobaki. Akafunga mfuniko, akaubana kwa kiganja.

Halafu akaanza kutikisa. Alitikisa kwa mikono miwili, kama anapiga kayamba, chakacha, chakacha, barafu inagonga bati, na alitikisa kwa hasira ya miezi yote ile. Watu wote uani wanachungulia. Akafungua. Juu palikuwa na povu jeupe. Akanywa amesimama, akanywa mpaka kopo likamfunika uso, akalishusha, akakaa kitini.

Tukasubiri. Mama mkwe alikuwa na beseni tayari. Kuku wa jirani nao, naapa, walikuwa wamesimama.

Hakuna kilichorudi. Akajifuta mdomo kwa kanga, na kanga akaiacha ishuke begani, haikurudi puani. Rangi ikamrudia kidogo kidogo usoni. Akashusha bangili zake taratibu mpaka kwenye kifundo cha mkono, akaninyooshea kopo tupu.

"Tengeneza jingine," akasema.

"Lakini umeme..."

"Sheki ni kutikisa, mume wangu. Ni maziwa ya kutikisa. Hakuna shekhe humo."